Nyumba yenye mwendo wa ngoma

Maneno haya yalisemwa na mwenzetu mmoja, fundi mjenzi, mbele ya mkutano wa wanachama, kabla ya kazi ya kupima misingi ya nyumba za zamu hii. Wengi waliomba yaandikwe. Tumeyaacha karibu na vile yalivyotoka mdomoni.

Wazee wetu, wamama, vijana, na ninyi mliofika juzi ambao hata vyombo bado hamjavifungua: jambo yenu wote.

Komite iliniomba niseme juu ya plani ya nyumba. Nikajibu kwamba nitasema juu ya nyumba na ngoma. Mzee mmoja wa komite akaniuliza kama tunajenga nyumba ama tunajenga baa. Mzee wangu, nitakujibu leo, lakini pole pole.

Hali tunaijua. Mfuko wa likelemba unatosha matofali na manjanja ya zamu hii, hauna hata franka ya kuchezea. Plani iliyo mezani ni moja kwa wote: meta 6 kwa 7, saloni mbele, vyumba viwili nyuma, mlango mmoja. Ile plani imechorwa vizuri, mistari imenyooka. Lakini yule aliyeichora hakujua kama nyumba hii ataingia mjane na wajukuu watano, ile nyingine mzee asiyeweza kutembea, na ile ya tatu mama anayefunga ndagala usiku ili asubuhi awahi soko. Na ukuta ukiisha kusimama, hauhami. Njo maana nimeomba tuseme sasa, wakati bado tuna kamba tu mkononi.

Neno langu ni moja. Kabla ya kuchora kuta, tuangalie kwanza namna watu watakavyotembea ndani yake. Mchezaji wa ngoma anajua nafasi anayoihitaji kwa mguu na mkono wake. Na mwenye nyumba vilevile. Wako watu wa mbali waliojenga kwa kufuata ngoma, na nitawaeleza wawili watatu ili tuone cha kuchukua na cha kuacha.

NYUMBA YA PRAHA

Kuna mji unaitwa Praha, mji mkuu wa Ucheki, katikati ya Ulaya. Kando ya mto wa mji ule, mto Vltava, iko nyumba moja pembeni mwa barabara ambayo watu wanaiita Nyumba Inayocheza.

Niwaeleze sura yake. Ni minara miwili imeshikana. Mmoja ni wa beto, mnene, umesimama imara kama mwanaume aliyevaa suti. Wa pili ni wa kioo, umebanwa katikati kama kiuno cha mwanamke, halafu chini unafunguka kama robe inayozunguka, na umeegemea ule wa kwanza. Nguzo zake za chini zimelala upande, kama miguu inayopiga hatua. Madirisha ya upande wa mto hayakai kwenye mstari mmoja. Yanapanda na kushuka, na mistari ya ukutani inakwenda kama mawimbi. Ukiangalia kutoka ng'ambo ya barabara, unaona watu wawili wanacheza. Wakaiita pia Fred na Ginger, juu ya Fred Astaire na Ginger Rogers, wachezaji wa Marekani waliocheza pamoja katika filamu 10 kati ya 1933 na 1949.

Sisi hatuhitaji kuelezwa mara mbili. Rumba yetu, ile ambayo mwaka 2021 UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia kwa jina la Kongo zote mbili, ni hivyo hivyo: mmoja anashika, mwingine anazunguka, na yule anayezunguka haanguki juu yule anayeshika amesimama vizuri.

Lakini sikuichagua nyumba ile kwa uzuri tu. Nimeichagua juu ya parsele yake. Pale palikuwa na nyumba nyingine. Tarehe 14 Februari 1945, ndege za Marekani zilizokuwa zinakwenda kupiga mji wa Dresden, Ujerumani, zilipotea njia, zikaangusha mabomu juu ya Praha. Watu mamia walikufa. Nyumba ile ya pembeni ikabomoka, na parsele ikakaa karibu miaka 50 bila kujengwa upya. Majirani wakazoea lile pengo, kama mtu anavyozoea jino lililotoka.

Jirani mmoja alikuwa Václav Havel, mwandishi wa michezo ya kuigiza, mtu aliyefungwa gerezani kwa kupinga serikali ya wakati ule. Alikaa katika nyumba iliyojengwa na babu yake. Jirani mwingine alikuwa mchoraji wa nyumba, Vlado Milunić, mzaliwa wa Zagreb, yaani naye alifika Praha kutoka kwingine. Tangu 1986 hawa wawili walikuwa wanaongea juu ya kitu gani kingefaa kusimama pale. Wakati ule ilikuwa maneno tu ya majirani. Desemba 1989 serikali ile ikaanguka, Havel akawa rais, na maneno yakapata miguu. Mchoraji mmoja mkubwa wa Ufaransa aliitwa, akakataa juu parsele ilikuwa ndogo, haifiki hata meta mraba 500. Mwaka 1992 akaingia Frank Gehry, mzaliwa wa Kanada aliyefanya kazi yake Marekani. Yeye hakuogopa udogo. Pesa zikatoka kwa kampuni ya bima ya Uholanzi, na mwaka 1996 nyumba ikaisha.

Mwaka 1996, wandugu. Ule mwaka njo wengi wetu tulivuka ziwa na watoto mgongoni. Ule mwaka njo kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa kule Kigoma. Wakati sisi tunaacha parsele zetu, wao walikuwa wanafunga kioo cha mwisho juu ya parsele iliyokaa tupu tangu vita yao. Sisemi hivyo ili tulie. Nasema ili tujue kwamba parsele iliyokaa miaka mingi bila mtu inaweza kurudi kuwa na nyumba, na kwamba nyumba hiyo si lazima iwe ya haraka haraka na ya huzuni.

Milunić alitaka sehemu moja ya nyumba itulie na nyingine itembee, kwa sababu nchi yake ilikuwa inatoka mahali ilipokaa bila kusogea na inaanza mwendo mpya. Watu wengi hawakupenda. Praha ni mji wa majumba ya zamani sana, na walisema nyumba hii inaharibu barabara yao. Leo watalii wanasimama kupiga picha, na benki kuu ya nchi iliweka sura yake juu ya sarafu ya dhahabu.

CHA KUACHA KULE KULE

Sasa, vijana nawaona macho yanang'aa. Msije mkaniambia kesho kwamba fundi amesema tujenge ukuta ulioegama.

Nyumba ya Praha inaonekana kama mchezo, lakini chini yake kuna hesabu nzito. Ngozi yake ya nje ina vipande 99 vya beto, na kila kimoja kina umbo lake. Ndani ya beto mna vyuma. Ni vile vyuma vinavyokubali kuvutwa na kukunjwa. Mchezaji akijiinamisha mpaka karibu na udongo unafikiri anaanguka, kumbe uzito wake wote uko juu ya mguu mmoja na yeye anajua ni upi. Nyumba ni hivyo hivyo. Uzito lazima ufike chini kwa njia inayojulikana.

Tofali letu la udongo, hata likichomwa vizuri, linakubali kazi moja: kukandamizwa kutoka juu. Ukilivuta linakatika. Ukilegemeza upande, ukuta unafunguka kwenye viungo, na mvua inamalizia. Kwa hiyo kwetu ukuta ni timazi, kutoka msingi mpaka kwenye manjanja. Hakuna mazungumzo.

Wengine watasema basi tujenge ya mviringo, sawa vile za mababu. Ukuta wa mviringo unasimama vizuri sana. Kigingi kimoja katikati, kamba, na kila tofali linapimwa kwa kamba ile ile. Nyumba za mababu zilikuwa za mviringo kwa sababu nyasi inakubali kila umbo. Lakini manjanja ni ya mraba. Ukiyakata kufuata mviringo, vipande unavyotupa ni pesa ya likelemba unayotupa. Mwenye kupenda mviringo auweke kwenye ukuta mfupi wa barza, pale pa kukalia. Utapendeza, na haugusi paa.

Kumbe cha kuchukua Praha si umbo. Ni ujasiri wa kuuliza swali: nyumba hii itafanana na mwendo gani?

NGOMA INAYOPIMA NAFASI

Wako wengine waliolichukua swali lile kwa namna iliyo karibu zaidi na sisi.

Kule California, Marekani, kulikuwa na mke na mume, Anna na Lawrence Halprin. Mke alikuwa mchezaji na mwalimu wa ngoma. Mume alikuwa mpangaji wa bustani na viwanja. Miaka ya 1950 walijengewa sakafu ya mbao ya kuchezea, nje, chini ya nyumba yao, kwenye mteremko wenye miti. Hawakusafisha miti ili wapate mraba. Sakafu ikakunjika kufuata miti na mteremko. Haina kuta, haina paa. Na Anna mwenyewe alieleza kwamba sakafu ile ilibadilisha namna yake ya kucheza, kwa sababu hapakuwa tena na mbele na nyuma kama kwenye jukwaa.

Mume akajifunza kwa mke. Akatengeneza namna ya kuandika mwendo wa watu kwenye karatasi, sawa vile mwanamuziki anavyoandika nota. Na alipopewa kazi ya kupanga mahali, aliwaita watu wa mahali pale watembee kwanza, wakae, waangalie, waseme walichoona, halafu njo achore. Katika mji wa Portland, kuna chemchemi yake iliyofunguliwa mwaka 1970, yenye ngazi kubwa za beto na maji yanayoanguka, na watu wanapanda na kuingia ndani ya maji. Haikujengwa ili iangaliwe tu.

Wa mwisho ni Rudolf Laban, aliyezaliwa mwaka 1879 Bratislava, mji ambao leo uko Slovakia. Alisomea uchoraji wa nyumba kabla hajaingia kwenye ngoma, na mwaka 1928 alitoa namna yake ya kuandika ngoma, ambayo wachezaji wanaitumia mpaka leo. Alifundisha kwamba kila mtu anatembea na nafasi yake inayomzunguka, yaani pale pote ambapo mikono na miguu inafika bila kuhama uliposimama. Ukihama, nafasi ile inakufuata.

Shikeni hilo, juu linatosha kuchora jiko. Mama akichuchumaa mbele ya mafiga, mkono wa kuume kwenye mwiko wa bugali, mkono wa kushoto unashika sufuria, na mtoto yuko mgongoni. Ile njo nafasi yake. Ukuta ukiingia ndani ya nafasi ile, mama ataungua ama mtoto atagongwa kichwa. Hakuna mtu anayehitaji kusoma ili aipime. Mama achuchumae, sisi tuchore kwenye udongo.

NGOMA ZA NYUMBANI KWETU

Sasa tuje kwetu. Nimekaa nikaangalia siku nzima ya familia, nikaona miendo mitano ambayo plani ya sanduku inaisahau.

Mwendo wa kwanza ni wa maji. Bidoni ya lita 20 inaingia kichwani. Mtu mwenye bidoni kichwani hainami na hageuki haraka. Anaingia moja kwa moja, anapinda magoti, anashusha. Mlango ukiwa mfupi, ama ukiingia unakutana na ukuta, shingo inalipa, kila siku, mara tatu.

Mwendo wa pili ni wa kutwanga. Wamama wawili na kinu kimoja cha sombe, mchi unapanda, mchi unashuka, mmoja akiinua mwenziwe anapiga. Ile ni ngoma kamili, hata wimbo uko. Mikono inapanda juu ya kichwa, na mchi unapita zaidi. Chini ya paa fupi ngoma hiyo haichezeki. Kwa hiyo kinu kinatoka nje, kwenye jua, na mvua ikija sombe inangoja. Paa la barza likipandishwa kidogo upande wa nje, wanatwanga kwenye kivuli.

Mwendo wa tatu ni wa wageni. Kwetu mtu haingii saloni kabla ya kukaa barza. Hodi, karibu, kiti, maji, halafu habari. Na siku ya kilio watu 60 wanakaa usiku kucha. Nyumba isiyo na barza inamlazimisha mgeni kuchagua kati ya jua na kitanda chako.

Mwendo wa nne hatupendi kuusema. Mgonjwa anatoka nyumbani juu ya kipoyi. Maiti anatoka ndani ya jeneza. Vyote viwili vinabebwa kwa mstari ulionyooka, mbele mtu, nyuma mtu, na havikunjwi. Nimeshaona jeneza likisimamishwa wima ili lipite kwenye pembe, na mjane anaangalia. Yule marehemu hakustahili vile, na mjane hakustahili kuona vile. Mlango wa sentimeta 70 na pembe moja mbaya njo vilifanya hivyo.

Mwendo wa tano ni wa kukimbia. Kila mtu hapa anaujua. Nyumba ya mlango mmoja, usiku, na kelele iko mbele. Sisemi vita itarudi, Mungu apishe mbali. Hata moto wa mbabula unatosha. Najua wamama katika mkutano huu ambao hawalali vizuri ndani ya chumba kisicho na njia ya pili, na si uoga, ni mwili unakumbuka. Kama tunajenga nyumba ambayo mwenyewe hatalala usingizi ndani yake, tumejenga stoo.

MATOFALI YALE YALE

Mtunza mfuko ameshaanza kuhesabu kwa vidole, namuona. Ngoja tuhesabu pamoja.

Plani ya mezani ni meta 6 kwa 7. Ukuta wa nje ukiuzunguka ni meta 26. Ndani, ukuta unaotenga saloni na vyumba ni meta 6, na ule unaotenga chumba na chumba ni meta 3. Jumla ya kuta zote ni meta 35.

Sasa tuurudishe ukuta wa mbele nyuma kwa meta moja na nusu, tuliache paa pale pale. Pale mbele pamekuwa barza, meta 6 kwa moja na nusu, chini ya manjanja yale yale. Ukuta wa nje sasa unazunguka meta 6 kwa 5 na nusu, yaani meta 23. Tumepata meta 3 za ukuta bila kununua tofali hata moja.

Meta 3 hizo tunazipeleka nyuma. Badala ya ukuta mmoja kati ya vyumba viwili, tunaweka kuta mbili, na katikati kijia cha meta moja ukipima katikati ya ukuta na ukuta. Kila chumba kinakuwa meta 2 na nusu kwa 3. Kitanda kinaingia na mtu anapita pembeni. Mwisho wa kijia tunaweka mlango wa nyuma, uso kwa uso na mlango wa mbele. Kuta za nje 23, za ndani 12, jumla ni 35. Ni ile ile.

Angalieni sasa nyumba ilivyofunguka. Bidoni inapita moja kwa moja mpaka jiko la nyuma. Kipoyi na jeneza vinapita bila kugeuzwa. Upepo unapita. Usiku kukiwa na hatari mbele, watoto wanatoka nyuma. Wageni wana barza. Saloni imepungua, kweli: ilikuwa meta 6 kwa 4, sasa ni 6 kwa 2 na nusu. Lakini niambieni ni nani hapa anakaa saloni mchana.

Kinachozidi ni nguzo za barza na mlango mmoja wa pili. Nguzo za miti tunaweza kukata pamoja siku ya salongo. Mlango tuulipie. Na mlango wa nyuma uwe na komeo zito la mti kwa ndani, juu mwizi naye anajua kutembea.

Wengine watauliza: kama hii ni nzuri, si tuifanye plani moja ya wote? Hapana. Mzee asiyetembea anataka kitanda karibu na saloni, asikie watu, na kizingiti kiwe chini kabisa. Mama wa ndagala anataka barza pana zaidi ya kuanikia, na chumba kimoja kinamtosha. Mjane mwenye wajukuu anataka mlango wake uone milango ya wote. Hesabu ibaki meta 35 kwa kila mtu, na manjanja yale yale. Ndani ya meta 35 kila mmoja acheze ngoma yake. Ila muwe macho na jambo moja: nyumba ndefu na nyembamba inakula ukuta. Meta 4 kwa 10 na nusu ni eneo sawa na 6 kwa 7, lakini ukuta wake wa nje ni meta 29. Fundi atawaambia pale mnapovuka.

NAMNA YA KUFANYA

Kazi yenyewe ni asubuhi moja kwa kila parsele. Kwanza mipaka. Chefu wa mtaa na majirani wa pande zote waje, waone vigingi, waseme mbele ya watu. Tusipime nyumba juu ya parsele yenye maneno. Tumerudi kuishi na watu, si kuanza kesi.

Halafu tunafagia, tunatandaza kamba, na tunamwaga majivu pale ukuta utakapokaa. Mistari ya majivu tu. Sasa familia yote inaingia ndani ya nyumba isiyo na kuta. Mama anabeba bidoni kweli, yenye maji kweli. Wawili wanashika mchi. Vijana wanalaza mwenzao juu ya mkeka wanambeba kutoka chumbani mpaka barabarani. Bibi anatoka kitandani kwenda choo kama vile ni usiku, amefumba macho. Watoto wanakimbia nje wote kwa mara moja. Kila mguu unaokanyaga majivu umegonga ukuta. Pale tunafuta, tunasogeza kamba, tunarudia. Watu watacheka, na wacheke. Kusogeza majivu ni bure. Kusogeza ukuta ni siku nne za fundi na matofali yaliyovunjika.

Na wanawake waongoze. Mwanaume anaingia nyumbani jioni, anakaa, analala. Anayecheza ngoma ya nyumba kutoka asubuhi ni mwanamke, na yeye njo anajua inapobana.

Tukiridhika, tunapima pembe kwa tatu, nne, tano: meta 3 upande mmoja, meta 4 upande wa pili, na kamba ya kuvuka iwe meta 5 kamili. Hapo pembe imenyooka. Tunapiga vigingi, na siku inayofuata jembe linaanza msingi.

NINACHOOMBA

Naomba mkutano ukubali mambo matatu. Moja, plani ya mezani isiwe sheria. Sheria iwe meta 35 za ukuta na idadi ya manjanja. Mbili, hakuna msingi unaochimbwa kabla ya asubuhi ya majivu, na mwenye nyumba na wamama wa nyumba ile wawepo. Tatu, mfuko ulipie mlango wa pili kwa kila nyumba. Hilo la tatu njo lina gharama, na najua tutalibishania. Nawaomba tulibishanie tukimfikiria yule asiyelala.

Mzee wangu wa komite, uliniuliza kama tunajenga baa. Tunajenga nyumba. Lakini ikiisha, na siku ya kuingia ikafika, tutacheza ndani yake, na nataka siku ile wewe upite mlango wa mbele utoke wa nyuma na mkeo mkononi, bila kugonga ukuta hata mmoja.

Kamba nimekuja nayo, iko pale mlangoni, meta 50. Majivu kila mtu anayo kwake. Nani anataka tuanze na parsele yake, aniambie kabla hatujatawanyika.